Jemadari Aliyeuacha Mji Akaiokoa Nchi
Wanaouliza kwa nini Urusi imekuwa ngumu kuvamiwa, twawakumbusha maisha ya Jemadari Mikhail Kutuzov, aliyezaliwa mwaka 1745. Mwaka 1774 risasi ilimpiga kichwani, asife. Juni 1812 Napoleon aliivamia Urusi kwa askari zaidi ya 400,000. Kutuzov alikabidhiwa majeshi Agosti, akapigana Borodino Septemba 7, kisha akauacha mji wa Moscow. Wengi walimlaumu, yeye alitambua kuwa jeshi likiangamia, nchi imekwisha. Adui aliukuta mji karibu mtupu, nao ukateketea. Oktoba akarudi kwa njia aliyokwisha kuiharibu, akiandamwa na njaa, baridi na wakulima wenye silaha. Kutuzov alifariki Aprili 1813. Twaona basi: upana wa nchi ni silaha, lakini haifai kitu pasipo kiongozi awezaye kustahimili lawama.