Tod Browning, mtu aliyetengeneza filamu iliyokimbiwa na studio yake

Ukiingia kibanda umiza usiku na kukuta vijana wameziba macho kwa viganja huku wakichungulia kati ya vidole, jua filamu ya kutisha inaendelea. Watu hulipa ili watishwe, na wakitoka wanacheka. Lakini ipo filamu moja ya Marekani ya mwaka 1932 ambayo katika onyesho lake la majaribio watu hawakungoja mwisho. Walitoka mbio. Haikuwa na jini wala mzimu. Waliokuwa kwenye pazia walikuwa binadamu kama mimi na wewe, wengi wao watu wenye ulemavu, na hilo ndilo lililowashinda watazamaji.

Filamu hiyo inaitwa Freaks. Kwa Kiswahili tungesema vioja, au viumbe wa ajabu, jina la dharau ambalo walikuwa wakiitwa watu waliozaliwa na maumbile tofauti. Aliyeiongoza ni Tod Browning, na ilimgharimu kazi yake.

Mtoto aliyetoroka na sarakasi

Browning alizaliwa tarehe 12 Julai 1880 mjini Louisville, katika jimbo la Kentucky. Wazazi walimwita Charles Albert. Jina la Tod alijipa mwenyewe baadaye, alipokuwa ameshawaacha. Akiwa kijana wa miaka kama 16 hivi alitoroka nyumbani akafuatana na watu wa sarakasi na maonyesho ya kuzunguka.

Msikilizaji wa leo anahitaji kuelezwa maonyesho hayo yalikuwaje. Kabla ya redio na sinema kuenea, kundi la wasanii lilisafiri kwa treni na magari ya farasi kutoka mji hadi mji, likafunga mahema uwanjani na kutoza kiingilio. Hema kubwa lilikuwa na wanyama na warukaji wa bembea. Pembeni yake kulikuwa na hema dogo ambako watu walilipa kuwatazama binadamu wenzao: mwanamke mwenye ndevu, mtu asiye na mikono, mapacha walioungana, watu wa kimo kifupi mno. Kwa wengi wao hiyo ndiyo ajira pekee waliyoweza kupata. Wengine walitajirika kidogo, wengine walifanyiwa kama mali ya mtu.

Browning hakuwa mtazamaji tu. Alifanya kazi za kila aina humo, ukiwemo uchekeshaji, na kwa muda aliigiza maiti hai: alilazwa kwenye jeneza, akafukiwa ardhini hadi siku mbili akipata hewa kwa njia ya siri, kisha akafukuliwa mbele ya umati. Alikula meza moja na wale waliokuwa wakitazamwa kama wanyama. Bila kulijua hilo, ni vigumu kuelewa alichokuja kukifanya baadaye.

Usiku wa Juni 1915

Kutoka jukwaani aliingia kwenye sinema, kwanza kama mwigizaji, chini ya mwongozaji maarufu D. W. Griffith. Mwezi Juni 1915, usiku, akiendesha gari mjini Los Angeles, aligonga behewa la treni lililobeba reli za chuma. Mwigizaji mwenzake, Elmer Booth, alikufa papo hapo. Mwingine, George Siegmann, aliumia. Browning mwenyewe aliumia vibaya na akakaa muda mrefu bila kuigiza, akiandika hadithi za filamu. Alikuwa mtu wa pombe, na wengi wameihusisha ajali hiyo na chupa.

Baada ya hapo filamu zake zilijaa watu waliokatika viungo, watu wenye hatia na watu wanaojificha. Sitaki kudai kwamba ajali ile ndiyo sababu, maana mwenyewe hakupenda kueleza mambo yake. Ila ukizitazama kwa kufuatana, huwezi kuacha kuifikiria.

Mwenzake mkubwa katika kazi hiyo alikuwa Lon Chaney, mwigizaji ambaye wazazi wake wote wawili walikuwa viziwi, na ambaye alijifunza tangu utotoni kusema kwa uso na mikono. Wakati huo filamu hazikuwa na sauti, hivyo kipaji hicho kilikuwa dhahabu. Pamoja walitengeneza The Unholy Three mwaka 1925 na The Unknown mwaka 1927. Katika hiyo ya pili Chaney ni mtu wa sarakasi anayejifanya hana mikono, kisha kwa ajili ya mapenzi anaikatisha kweli. Filamu nyingine ya mwaka huohuo, London After Midnight, haipo tena. Nakala ya mwisho iliyojulikana iliteketea kwa moto katika miaka ya 1960.

Chaney alifariki Agosti 1930 kwa saratani. Mwaka uliofuata Browning aliongoza Dracula, akimtumia mwigizaji kutoka Hungaria, Bela Lugosi. Filamu hiyo iliingiza fedha nyingi kwa kampuni ya Universal, na sura ya mnyonya damu aliyevaa joho jeusi, ambayo hata watoto wetu wanaijua kwenye katuni, ilitokana nayo.

Kitu cha kutisha zaidi

Kampuni shindani, MGM, ikataka filamu ya kutisha kuliko Dracula. Mkuu wa utayarishaji wake, Irving Thalberg, alimpa Browning nafasi hiyo. Mwigizaji mmoja wa kimo kifupi, Harry Earles, alikuwa amewaletea hadithi fupi ya mwandishi Tod Robbins iliyochapishwa mwaka 1923, na hiyo ikawa mbegu.

Hadithi ya Freaks ni hii. Katika sarakasi moja, Hans, mtu mfupi wa kimo, anampenda Cleopatra, mrukaji wa bembea mrefu na mrembo. Cleopatra anamcheka pembeni, lakini akisikia kwamba Hans amerithi mali, anakubali kuolewa, huku akipanga na mpenzi wake mwenye misuli kumuua kwa sumu kidogo kidogo. Kwenye karamu ya arusi, wenzake Hans wanapitisha kombe la mvinyo mkononi kwa mkono na kuimba kwamba wamempokea bibi arusi awe mmoja wao. Yeye anaona kinyaa, anawatukana na kuwamwagia kinywaji. Mwisho wanagundua sumu. Usiku wa mvua na radi, wanatambaa kwenye matope chini ya magari wakiwa na visu. Cleopatra anaishia kuwa kiumbe kilichokatwakatwa, kinachoonyeshwa kwa kiingilio kama walivyokuwa wao.

Browning angeweza kutumia vinyago na vipodozi. Badala yake aliwaita wenyewe. Alikuja Johnny Eck wa Baltimore, kijana aliyezaliwa bila sehemu ya chini ya mwili, aliyetembea kwa mikono kwa wepesi wa ajabu. Alikuja Prince Randian, mzaliwa wa Guyana, asiye na mikono wala miguu, baba wa watoto, aliyeweza kusokota na kuwasha sigara kwa midomo yake peke yake. Alikuja Frances O'Connor, aliyekula kwa vidole vya miguu. Alikuja Schlitze, aliyezaliwa na kichwa kidogo na akili ya mtoto mdogo. Na walikuja mapacha walioungana, Daisy na Violet Hilton, wazaliwa wa Uingereza, ambao mwaka huohuo wa 1931 walikuwa wamekwenda mahakamani huko Texas na kujikomboa kutoka kwa walezi waliokuwa wakila jasho lao tangu utotoni.

Upigaji picha ulifanyika mwishoni mwa 1931. Wafanyakazi wa studio walilalamika kwamba hawawezi kula huku watu hao wapo mgahawani. Uongozi ukakubali: wengi wao wakatengewa meza nje, wakabaki wachache tu ndani, wakiwemo mapacha wa Hilton na familia ya Earles. Kwa hiyo filamu inayomlaani mwanamke aliyekataa kula na watu hawa ilitengenezwa na kampuni iliyokataa kula nao.

Onyesho la San Diego

Januari 1932 filamu ilijaribiwa mbele ya watazamaji mjini San Diego. Ndipo wengine walipotoka mbio. Mwanamke mmoja alitishia kuishtaki kampuni akidai filamu ilimharibia mimba. MGM ikaingiwa na hofu, ikakata karibu nusu saa nzima, na kuacha kama dakika 64. Zilizotupwa zilikuwa pamoja na sehemu kubwa ya mashambulizi yale ya usiku wa mvua, na hatima ya yule mpenzi mwenye misuli, ambaye kwenye toleo la kwanza alihasiwa.

Haikusaidia. Baadhi ya magazeti yaliiita chukizo. Mji wa Atlanta uliipiga marufuku. Uingereza waliikataa moja kwa moja, na hawakuiruhusu hadi mwaka 1963, tena kwa watu wazima tu. Ilikuwa imegharimu zaidi ya dola 300,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule wa mdororo wa uchumi, na ilileta hasara ya zaidi ya dola 160,000. Studio ikaiondoa sokoni.

Je, ni visu vile vilivyowatisha watu? Sidhani. Sehemu kubwa ya filamu haina kitisho chochote. Inaonyesha watu wakianika nguo, wakitaniana, wakigombana na wachumba. Mwanamke mwenye ndevu anajifungua na marafiki wanakuja kumpongeza. Pacha mmoja anabusiwa na mwenzake anasisimka. Kumbuka wakati wenyewe: mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeruhusu majimbo kuwafunga kizazi kwa nguvu watu walioonekana kuwa na upungufu wa akili, na maelfu walifanyiwa hivyo. Mwaka 1934 Violet Hilton alipotaka kuolewa, majimbo kadhaa yalimnyima kibali. Kwa taifa lililofikiri hivyo, arusi na kitanda cha uzazi vilitisha kuliko kisu.

Hata hivyo Browning naye hana mikono safi. Baada ya kutuonyesha kwa saa nzima kwamba hawa ni watu, mwishoni anawageuza kitisho kinachotambaa gizani, kwa sababu studio ilitaka filamu ya kutisha na yeye alijua biashara. Waigizaji wenyewe hawakukubaliana. Mwanamke mwenye ndevu, Jane Barnell, alijuta kushiriki na akaona filamu hiyo imewatukana watu wa maonyesho dunia nzima. Johnny Eck alimkumbuka Browning kwa wema hadi uzeeni.

Ukimya wa Malibu

Baada ya 1932 milango ilianza kufungwa. Browning alipewa filamu nne tu zaidi, ya mwisho ikiwa Miracles for Sale ya mwaka 1939. Kisha akastaafu na kujifungia nyumbani kwake Malibu, kando ya bahari. Mke wake Alice alifariki mwaka 1944. Mwaka huohuo gazeti la habari za burudani, Variety, lilichapisha kwa makosa tanzia ya Browning mwenyewe. Aliishi miaka mingine 18.

Freaks nayo ilizungushwa na mfanyabiashara mmoja aliyeinunua haki na kuionyesha kwa majina mengine, kama ile sarakasi ya pembeni. Mwaka 1962 ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Venice, Italia, na wataalamu wakaanza kuiita kazi kubwa. Browning, aliyekuwa ameugua saratani ya koo, alifariki tarehe 6 Oktoba mwaka huohuo akiwa na miaka 82.

Daisy na Violet Hilton walimaliza maisha yao wakifanya kazi katika duka la vyakula huko Charlotte, North Carolina, wakipima mboga na matunda ya wateja, na walikufa kwa mafua makali Januari 1969. Mwaka 1994 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka Freaks kwenye orodha ya filamu zinazohifadhiwa kama urithi wa taifa. Ile nusu saa iliyokatwa haijapatikana hadi leo.