Pierre Monatte, mutu aliyekataa vita ya 1914

Pierre Monatte alizaliwa tarehe 15 Januari 1881 ku Monlet, kijiji cha Ufaransa. Baba yake alikuwa mufua chuma. Mutoto akasoma, akapata kazi ya kulinda wanafunzi ku masomo. Mu 1902 akaiacha, akaenda Paris. Ku nyuma akashika kazi ya kusahihisha makosa ya herufi kwa wapiga chapa, na kazi ile ndiyo ilimulisha miaka mingi.

Mu 1905, ku Lens, inchi ya makaa ya mawe, Benoît Broutchoux wa sendika ya wachimbaji alitiwa buloko. Monatte akaenda kushika gazeti lake. Tarehe 10 Machi 1906 moto ukapasuka mu mashimo ya Courrières. Watu 1.099 walikufa, na kati yao watoto waliofanya kazi ku chini. Siku 20 zikapita, na wachimbaji 13 wakatoka wazima, bila mutu kuwatafuta tena. Fikiri hasira ya wale wabibi walioambiwa kwamba ku chini hakuna tena mutu! Mugomo ulikuwa umekwisha kuanza. Waziri Clemenceau akatuma askari, Monatte akafungwa eti anapanga kuangusha serkali. Hawakupata neno la kumuhukumu, wakamufungua.

Mu 1909 akaanzisha gazeti La Vie ouvrière, kusudi mufanyakazi ajue vizuri mambo ya kampani mbele ya kugombana nayo.

Halafu Agosti 1914, vita. Sendika kubwa CGT, iliyosema miaka yote kwamba itaipinga, ikashikana na serkali. Wasosialisti wa Skandinavia wakaita watu ku Copenhagen kuzungumuza amani; CGT ikakataa. Mwezi wa Desemba Monatte akaandika barua na kutoka mu komite. Leo inaonekana neno ndogo. Wakati ule ilikuwa kupoteza marafiki, tena kuitwa musaliti wa inchi. Mu 1915 serkali ikamuita mu jeshi.

Mu 1920, mugomo wa watu wa reli: buloko tena, mpaka Machi 1921. Aliingia chama cha Wakomunisti mu 1923, wakamufukuza Desemba 1924, sababu hakukubali kunyamaza. Mwezi uliofuata akatoa gazeti lingine, La Révolution prolétarienne. Alikufa tarehe 27 Juni 1960, siku tatu mbele ya uhuru wetu.