Archimedes: Jamaa aliyekataa kuambiwa mchanga hauhesabiki

Ukisikia kitu ni kingi kama mchanga wa bahari, unaelewa: usijisumbue kuhesabu. Sasa kuna jamaa aliyekataa hiyo stori zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Anaitwa Archimedes. Alizaliwa mwaka wa 287 K.K. hivi mjini Syracuse, kisiwani Sicily, mji wa Wagiriki. Babake, Phidias, alikuwa mtaalamu wa nyota.

Shida ilikuwa hii: nambari kubwa zaidi yenye jina lake kwa Kigiriki ilikuwa 10,000. Ukipita hapo, unarundika maneno tu. Archimedes akachukua 10,000 mara 10,000, yaani milioni 100, akaifanya ngazi ya kwanza. Juu yake akapanga ya pili, ya tatu, na kuendelea. Halafu akaujaza mchanga, kichwani mwake, ulimwengu mzima hadi kwenye nyota. Tena alitumia ulimwengu wa Aristarchus, aliyeweka jua katikati, ambao ulikuwa mkubwa kupindukia. Kwa maandishi ya leo, chembe zote hazikuzidi 10⁶³: moja na sufuri 63. Hesabu hiyo alimwandikia Gelon, mfalme wa Syracuse.

Humo ndimo alimoonyesha kanuni uliyokutana nayo darasani: ukizidisha, zile nambari ndogo za juu, yaani vipeo, unazijumlisha. Mia mara elfu, 10² × 10³, ni 10⁵. Ukigawa, unatoa.

Warumi walipouzingira mji wake, mitambo aliyoibuni iliwatesa kwa muda mrefu. Mji ulianguka mwaka wa 212 K.K. Kamanda Marcellus alitaka mzee huyo aachwe hai, lakini askari mmoja akamuua. Alikuwa na miaka 75 hivi.

Basi wewe ukisikia kwenye habari kwamba deni la Kenya limepita Sh10 trilioni, usiduwae. Hiyo ni 10¹³. Sisi ni kama watu milioni 50, yaani 5 × 10⁷. Toa 7 kwenye 13, unabaki na 10⁶, milioni moja. Gawa kwa 5: Sh200,000 kwa kila kichwa, hata mtoto aliyezaliwa leo asubuhi. Hujagusa kikokotoo, na hujahitaji digrii. Mwanasiasa akikuja mtaani kuomba kura, muulize kuhusu hiyo laki mbili yako.