Paul Gerhardt, Mchungaji Aliyeimba kwa Shangwe

Wapo ndugu katika sharika zetu wadhanio ya kuwa heshima ya ibada ni kukunja uso, na kwamba mtu aimbaye kwa shangwe amesahau amesimama mbele ya nani. Wapo na wengine, wenye msiba nyumbani, ambao hufumba vinywa wakati wa nyimbo, kwa kuwa huona furaha ni ya watu wenye afya na mali tu. Kwa ajili ya hao wote ni vema tuyakumbuke maisha ya mchungaji Paul Gerhardt, ambaye nyimbo zake zimeimbwa katika makanisa ya Kilutheri kwa muda wa miaka zaidi ya 300.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1607 katika mji mdogo wa Gräfenhainichen, nchi ya Ujerumani, si mbali na Wittenberg, mji wa Martin Luther. Baba yake alifariki mwaka 1619, na mama yake mwaka 1621; Paul akabaki yatima, naye ni kijana wa miaka 14. Wakati huo vilikwisha kuanza vile vita vikubwa vya miaka 30, vilivyoanza mwaka 1618. Vita hivyo vilileta njaa na tauni, na vijiji vingi vikawa mahame. Paul alisoma katika shule ya Grimma, na mwaka 1628 akaingia chuo cha Wittenberg kujifunza elimu ya Mungu. Hata mwaka 1637 askari wa Sweden wakauteketeza kwa moto mji aliozaliwa.

Baadaye alihamia Berlin, akakaa katika nyumba ya wakili mmoja, akiwafundisha watoto. Katika mji huo alikuwako Johann Crüger, mwalimu wa nyimbo wa kanisa la Mtakatifu Nikolai. Crüger aliyaona mashairi ya Gerhardt, akayatungia sauti ambazo hata mtu asiye na elimu ya muziki aliweza kuzishika. Katika kitabu chake cha mwaka 1647 zilichapwa nyimbo 18 za Gerhardt. Vita vilikuwa havijaisha bado. Luther alikuwa amewarudishia washarika sauti yao katika lugha yao wenyewe. Gerhardt naye alimfundisha kila mmoja kusema na Mungu wake kama mtoto asemavyo na baba yake, pasipo kuficha machozi wala kuficha furaha.

Katika mwaka 1653, miaka mitano tu baada ya amani kupatikana, ulitokea wimbo wake wa majira ya joto. Ndani yake anauamuru moyo wake mwenyewe utoke nje ukatafute furaha: anautajia miti na maua, kuku na vifaranga vyake, nyuki na ngano ya shambani, kisha anauinua kutoka bustani hizi mpaka bustani ya Kristo mbinguni. Basi tuangalie: watu walioimba wimbo huo ni watu waliokuwa wamezika ndugu zao na kuona mashamba yao yakiharibiwa. Furaha yao haikuwa kelele tupu, maana kila mara Gerhardt hutaja sababu yake: Mungu ameumba, Kristo amekufa, Kristo amefufuka.

Alipata uchungaji wa kwanza huko Mittenwalde mwaka 1651, akiwa na miaka 44. Mwaka 1655 alimwoa Anna Maria Berthold, binti wa yule wakili. Mungu akawapa watoto watano, lakini wanne walikufa wangali wadogo. Wa kwanza, binti, alizikwa mwaka 1657 kabla hajatimiza mwaka mmoja. Mwaka huo huo Gerhardt aliitwa kuhudumu katika kanisa la Mtakatifu Nikolai.

Huko Berlin jaribu jingine likamfikia. Mtawala wa Brandenburg, Friedrich Wilhelm, alitaka kuyakomesha mabishano ya Walutheri na Wareformati, akawaagiza wachungaji watie sahihi ahadi. Gerhardt hakuwa mtu wa ugomvi, walakini aliona ya kuwa ahadi ile ingemfunga asiitumikie imani aliyoapa kuishika. Akakataa, na mwaka 1666 akaondolewa kazini. Watu wa mji wakamwombea, akaruhusiwa kurudi mwaka 1667, lakini dhamiri yake haikumpa nafasi. Mwaka 1668 mke wake akafa. Akabaki na mtoto mmoja tu, Paul Friedrich.

Mwaka 1669 alikwenda Lübben, akahudumu huko mpaka alipofariki mwaka 1676. Katika miaka hiyo ya upweke hakutunga nyimbo nyingi kama zamani. Lakini sharika ziliendelea kuimba zile alizokwisha kuwapa, na shangwe aliyoipanda ikazaa midomoni mwa wengine.

Enyi walimu wa Injili, tukumbuke jambo hili tunapoongoza ibada. Tusimzuie anayemshangilia Bwana kwa moyo wote, wala tusimkemee aliyenyamaza kwa majonzi. Mwenye sauti na aimbe, hata kwa ajili ya jirani yake asiyeweza. Huenda Jumapili ijayo jirani huyo ndiye atakayemwimbia yeye.