James Watt: Gurudumu lililozunguka gurudumu

Mwaka 1781, mjini Birmingham, Uingereza, James Watt alikabiliwa na kizuizi cha kisheria. Injini yake ya mvuke ilipanda na kushuka tu, ilhali wenye viwanda walitaka mashine ya kuzungusha magurudumu. Njia nyepesi ya kufanya hivyo ilikuwa tayari mali ya mtu mwingine.

Watt alizaliwa tarehe 19 Januari mwaka 1736 huko Greenock, Scotland. Akiwa fundi wa vifaa vya kisayansi katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alipewa kielelezo cha injini ya Newcomen akitengeneze. Alibaini kuwa mvuke mwingi ulipotea kwa sababu silinda ilipashwa moto na kupozwa kwa zamu. Mwaka 1765 alibuni chombo cha pembeni cha kupozea mvuke, na mwaka 1769 akapata hataza, yaani haki ya pekee ya kuutumia uvumbuzi huo.

Mwaka 1774 alihamia Birmingham, na mwaka uliofuata akaingia ubia na Matthew Boulton, mwenye kiwanda cha Soho. Bunge likairefusha hataza yake hadi mwaka 1800.

Hataza yamgeukia

Lakini mwaka 1780 James Pickard, mkazi mwingine wa Birmingham, alikuwa amepata hataza ya kuutumia katika injini ya mvuke mkono uliopinda, kama ule wa pedali ya baiskeli. Watt aliamini kuwa wazo hilo lilivuja kutoka Soho. Hata hivyo, yeye aliyeishi kwa hataza hakutaka kuipinga ya mwenzake mahakamani.

Jibu lilitoka katika jiometria. Gurudumu la meno lilikazwa kwenye ncha ya fimbo ya injini lisiweze kujizungusha, kisha likalizunguka gurudumu jingine lililofungwa kwenye mhimili, kama sayari na jua. Wengi humtaja William Murdoch, mwajiriwa wa kampuni, kuwa ndiye mwenye wazo hilo, ingawa hataza ya Oktoba 1781 ilitolewa kwa jina la Watt.

Kila sayari ilipokamilisha mzunguko mmoja, jua lilizunguka mara mbili. Msomaji anaweza kulijaribu jambo hili kwa sarafu mbili zinazolingana: ukiibingirisha moja kandokando ya nyingine, itajipindua mara mbili kabla ya kurudi ilipoanzia. Mzunguko mmoja hutokana na urefu wa njia, wa pili na kupinda kwake. Hivi leo wanahisabati huchunguza mibingiriko ya maumbo yaliyopinda kwa kutumia majedwali ya namba yaitwayo matriki.

Urithi wenye pande mbili

Injini ya aina hiyo, iliyofungwa mwaka 1785 katika kiwanda cha pombe cha Whitbread, London, ilifanya kazi hadi 1887. Sasa imehifadhiwa Sydney, Australia. Injini nyingine za kampuni hiyo ziliuzwa Karibea, zikakamua miwa iliyolimwa na watumwa wenye asili ya Afrika.

Hataza ya Pickard ilipokwisha mwaka 1794, mkono uliopinda ulishika nafasi ya jua na sayari. Lakini magurudumu yanayozungukana hivyo bado yamo ndani ya giaboksi za magari ya otomatiki.

Watt alifariki dunia tarehe 25 Agosti mwaka 1819, akiwa na umri wa miaka 83, akazikwa Handsworth. Sanamu iliyozinduliwa Birmingham mwaka 1956 inamwonyesha pamoja na Boulton, na Murdoch kando yao.