Fausto Coppi na Homa Tuijuayo

Kila Jumamosi alfajiri, kabla jua halijaanza kuyachoma mabati ya Kondele, mimi huitoa baiskeli yangu nje na kuikabili barabara ipandayo kutoka Mamboleo kuelekea Kiboswa. Sina kasi ya kujivunia. Aghalabu vijana wapelekao maziwa hunipita kwa baiskeli zao nzito ziitwazo Black Mamba, nao hunipa pole jinsi mtu ampavyo pole mzee aliyejitwika mzigo usiomfaa. Mwezi Julai ufikapo, jioni zangu huwa si zangu tena, kwani mbio za Tour de France hunikalisha mbele ya runinga hadi nikasahau kusahihisha insha za wanafunzi. Nilishangilia Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alipozishinda mara nne kati ya 2013 na 2017. Nilishangilia zaidi mwaka 2024, wakati Biniam Girmay wa Eritrea alipotwaa hatua tatu na kuivaa jezi ya kijani hadi mwisho.

Hata hivyo, wanafunzi wangu wanaponiuliza ni mpanda baiskeli yupi ninayemhusudu kuliko wote, jina ninalolitaja huwashangaza. Ni la Mwitaliano aliyefariki zaidi ya miaka sitini iliyopita, akiwa na umri wa miaka 40 tu. Humtaja si kwa ushindi wake peke yake, bali pia kwa sababu kilichomuua ni kitu ambacho mtoto yeyote wa Nyando au Usenge angeweza kukitaja jina.

Fausto Coppi alizaliwa tarehe 15 Septemba 1919 huko Castellania, kijiji kidogo cha wakulima kilicho juu ya vilima vya Piedmont, kaskazini mwa Italia. Shule haikumkaa, na shamba halikumpendeza. Akiwa angali kijana mdogo alipata kazi kwa muuza nyama katika mji wa Novi Ligure, na kazi yenyewe ilikuwa kuwapelekea wateja nyama kwa baiskeli. Sisi wa magharibi ya Kenya tusione ajabu. Huku ndiko baiskeli ya kuvusha abiria na mizigo kwenye mpaka wa Busia ilikolizaa neno boda boda, ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima hata likahamia kwenye pikipiki. Ni wangapi katika vijana wetu waliojengeka vifua na miguu kwa kazi kama ile ya Coppi, bila kupata mtu wa kuwatambua?

Coppi alimpata mtu huyo. Naye, ajabu ya Mungu, alikuwa kipofu. Biagio Cavanna alikuwa mkandaji wa wanamichezo, na alimjua mtu kwa vidole vyake. Aliyapapasa misuli na mbavu za kijana yule mwembamba, akausikiliza moyo wake, akaona yale ambayo wenye macho hawakuyaona. Ndiye aliyemfunza kula, kulala na kufanya mazoezi kwa utaratibu.

Mwaka 1940 Coppi alichukuliwa katika kikosi cha Legnano ili amtumikie Gino Bartali, bingwa mkuu wa Italia wa wakati ule. Kazi ya mtumishi katika mbio hizi ni kumkinga kiongozi dhidi ya upepo, kumletea maji, na hata kumpa gurudumu lake likihitajika. Lakini katika mbio za kuizunguka Italia, yaani Giro d'Italia, Bartali alianguka na kuumia, na mtumishi wake mwenye umri wa miaka 20 akaibuka mshindi. Siku iliyofuata Italia ikaingia vitani.

Mnamo Novemba 1942, katika kiwanja cha Vigorelli mjini Milan, Coppi aliendesha zaidi ya kilomita 45 kwa saa moja, rekodi ambayo haikuvunjwa hadi 1956. Baada ya hapo jeshi lilimpeleka Tunisia, na Aprili 1943 akatekwa na Waingereza. Hivyo basi, bingwa yule aliijua Afrika kwanza akiwa mateka, mwenye nguo za mfungwa na asiye na baiskeli. Miaka ile aliyonyang'anywa ndiyo ambayo ingekuwa bora katika ujana wake.

Aliporejea, alikimbia kana kwamba anadai deni. Mwaka 1946 alishinda mbio za Milan hadi San Remo kwa kuwaacha wenziwe dakika 14 nyuma. Mwaka 1949 akawa mtu wa kwanza kushinda Giro na Tour de France katika mwaka mmoja, jambo alilolirudia mwaka 1952. Kwa jumla alitwaa Giro mara tano na Tour mara mbili, na 1953 akawa bingwa wa dunia huko Lugano, Uswisi. Wapenzi wa mchezo huu hawachoki kuisimulia siku moja ya Juni 1949, kati ya Cuneo na Pinerolo, alipowatoka wenzake na kuendesha peke yake kilomita 192, akivuka milima mitano, hata Bartali aliyekuwa wa pili akafika karibu dakika 12 baadaye. Kilomita 192! Mwendo huo ni zaidi ya kwenda kutoka Kisumu hadi mpaka wa Busia kisha kuanza kurudi, peke yako, tena milimani.

Maisha yake nje ya barabara hayakuwa ya raha. Mwaka 1951 ndugu yake mdogo, Serse, naye mpanda baiskeli, alianguka katika mbio na kufa siku iyo hiyo. Baadaye Coppi aliiacha ndoa yake akaishi na mke wa mtu mwingine, na katika Italia ya zama zile wote wawili walifikishwa mahakamani, huku nchi ikigawanyika kati ya waliomlaani na waliomwonea huruma. Umri ulikwenda, lakini hakuweza kuiacha baiskeli.

Ndipo Desemba 1959 yeye na mabingwa wengine, wakiwemo Jacques Anquetil na Raphaël Géminiani wa Ufaransa, walialikwa Volta ya Juu, nchi tuijuayo leo kwa jina la Burkina Faso. Taifa hilo lilikuwa likiukaribia uhuru wake wa 1960, na wageni walishindana na wenyeji katika jiji la Ouagadougou, kisha wakaenda kuwinda. Coppi na Géminiani walilala chumba kimoja, mbu wakawauma wote wawili.

Waliporudi makwao, wote wawili waliugua. Nchini Ufaransa, damu ya Géminiani ilipimwa, vimelea vya malaria vikaonekana, akapewa kwinini, akapona. Aliishi hadi mwaka 2024, umri wa miaka 99. Nchini Italia, Coppi alitibiwa kama mtu mwenye mafua makali yaliyoshika mapafu. Inasimuliwa kwamba habari za ugonjwa wa Géminiani zilipelekwa Italia kwa simu, zisisikilizwe. Tarehe 2 Januari 1960, katika mji wa Tortona, Coppi alifariki. Wawili walilala chumba kimoja na kuumwa na mbu wale wale, lakini mmoja alipimwa na mwingine akakisiwa.

Hapa ndipo mimi, ambaye kazi yangu ni lugha, hushikwa na mshangao kila nikumbukapo kisa hiki. Neno malaria, tulitumialo sote kuanzia Kisumu hadi Mombasa, ni la Kiitaliano. Maana yake ya asili ni hewa mbaya. Waitaliano ndio waliolipa jina gonjwa hili, kwa kuwa liliwaua kwa maelfu hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1898 Mwitaliano Giovanni Battista Grassi alithibitisha kwamba ni mbu aina ya anofelesi amwambukizaye binadamu. Lakini baada ya Vita vya Pili, dawa ya DDT iliwaondoa mbu hao Italia, na katika muda usiofika miaka 15 waganga walibaki na neno tupu. Jina lilikuwa lao, ugonjwa wenyewe wakausahau.

Mwaka 2002 ulizuka uvumi nchini Italia kwamba Coppi alilishwa sumu na Waafrika. Wachunguzi walilitazama jambo hilo, wakalifunga, ilikuwa malaria. Ni jepesi kumsingizia jirani kuliko kukiri kwamba hukupima.

Nasi tusiwacheke. Kosa letu hapa kandokando ya Ziwa Viktoria ni lile lile lililogeuzwa kichwa chini. Wao waliikuta malaria wasiiite jina. Sisi tunaliita jina hilo kila homa. Miaka kadhaa iliyopita nilirudi kutoka Bondo kwa baiskeli, nikaanza kutetemeka, nikameza tembe zilizosalia katika kabati bila kumwuliza mtu. Siku ya nne, nikiwa hoi, ndipo nilipokubali kutolewa damu. Malaria haikuwamo; ilikuwa homa ya matumbo. Mwalimu mzima, aliyewasimulia wanafunzi kifo cha Coppi mara nyingi, nilikuwa nimekisia afya yangu mwenyewe.

Maeneo yetu yamelisaidia taifa na ulimwengu kuijua homa hii. Vijiji vya Asembo na Gem vilishiriki, mwishoni mwa miaka ya 1990, katika utafiti ulioonyesha kuwa vyandarua vyenye dawa hupunguza vifo vya watoto. Mwaka 2019 Kenya ilianza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto katika kaunti za huku magharibi, uzinduzi ukifanyika Homa Bay. Elimu hiyo haina faida ikiwa mwanafunzi wa bweni atameza tembe za mwenzake, au ikiwa mgeni wa kutoka nyanda za juu atarudi kwao na homa bila kumwambia daktari kwamba alilala ziwani.

Kijiji cha Castellania kilibadilishwa jina mwaka 2019, kikaitwa Castellania Coppi. Ni heshima kubwa. Nasi walimu, tunapowafundisha vijana majina ya vitu, tuwafundishe pia kwamba kulijua jina la kitu si kukijua kitu chenyewe. Mwanafunzi akiinua mkono darasani aseme anahisi baridi mchana wa jua, tusimwambie ni malaria, wala tusimwambie si malaria. Tumpeleke akapimwe.