BIBI ZAINAB BINT JAHSH NA KAZI YAKE YA NGOZI

Nchi ya Shinyanga ni nchi ya ng'ombe, na kaskazini-magharibi yake, huko Geita, ni nchi ya dhahabu. Watu wa pwani wamezoea kwenda pande hizo tangu zama za misafara ya Tabora, na kila arudiye huulizwa na jamaa zake habari za dhahabu, wala haulizwi habari za ngozi. Dhahabu hiyo ilichimbwa Geita katika siku za Waingereza, mgodi ukafungwa mwaka 1966, kisha mgodi mwingine mkubwa ukaanza kazi mwaka 2000. Nayo ni pambo ambalo mwanamume Mwislamu hana ruhusa ya kulivaa hata kwa kadiri ya pete. Ngozi huivaa kila siku. Mkanda wa kiunoni ni ngozi, mfuko wa fedha ni ngozi, ala ya kisu ni ngozi, na makubadhi ya kwendea msikitini ni ngozi. Lakini yule akaaye nyumbani kwake na msharasi na uzi akavishona vitu hivyo huhesabiwa kuwa mtu duni, na harufu ya ngozi mbichi humfanya muungwana apite upande wa pili wa njia.

Mwenye kuidharau kazi hii ajue kuwa mmoja katika Mama wa Waislamu aliifanya kwa mikono yake miwili, nyumbani mwake, karibu na Msikiti wa Madina. Naye ni Bibi Zainab bint Jahsh (R.A.). Asichanganywe na Bibi Zainab bint Khuzaima, ambaye naye alikuwa mke wa Mtume (S.A.W.) na akaitwa Mama wa Masikini; huyo alikufa Mtume angali hai.

Baba yake alikuwa Jahsh bin Riab wa kabila la Bani Asad bin Khuzaima, waliokuwa wakikaa Makka kwa mapatano na Makureshi. Mama yake alikuwa Umaima binti Abdulmuttalib, shangazi yake Mtume. Basi Zainab alikuwa binti wa shangazi wa Mtume, na Sayyidna Hamza alikuwa mjomba wake. Alipozaliwa aliitwa Barra, na Mtume ndiye aliyelibadili jina hilo akamwita Zainab. Alisilimu mapema pamoja na ndugu zake, na ulipofika wakati wa Hijra ukoo wote ulihama, wanaume kwa wanawake, wakaifunga nyumba yao kubwa ya Makka ikabaki haina mtu. Abu Sufyan akaiuza. Hivyo Zainab aliingia Madina akiwa binti wa nasaba tukufu asiye na mali, na nduguye Abdullah akauawa katika vita vya Uhud mwaka wa 3 wa Hijra, akazikwa kaburi moja na mjomba wao Hamza.

Kabla ya kufika kwenye ngozi, ni lazima ielezwe habari ya ndoa zake mbili, kwani humo ndimo maadui wa dini walimotia maneno mengi.

Zaid bin Haritha alitekwa nyara angali mtoto, akauzwa katika soko la Ukadh, akamfikia Bibi Khadija, naye akampa Mtume. Mtume akamwacha huru akamfanya kuwa mwanawe wa kulea, watu wakawa wakimwita Zaid bin Muhammad. Huyu ndiye Mtume aliyemposea Zainab. Zainab hakuridhika, na nduguye hakuridhika vilevile, kwa kuwa Zaid alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na yeye ni mjukuu wa Abdulmuttalib. Ikateremka aya katika Sura ya Al-Ahzab kuwa muumini hana hiari tena Mwenyezi Mungu na Mtume wake wakishalikata jambo. Zainab akatii, akaolewa. Lakini utii wa hukumu ni kitu kimoja na mapenzi ya nyumbani ni kitu kingine. Nyumba haikutulia, Zaid akawa akimwendea Mtume kutaka ruhusa ya kumwacha mkewe, na Mtume akimsihi amzuie na amche Mungu. Mwisho Zaid alimpa twalaka.

Eda yake ilipokwisha, Mwenyezi Mungu aliamrisha Mtume amwoe, ili ipate kuondoka ile desturi ya Waarabu ya kumhesabu mtoto wa kulea kuwa sawasawa na mtoto wa kuzaa. Hii ilikuwa katika mwaka wa 5 wa Hijra, na wengine husema wa 4, naye Zainab ana miaka kama 35. Wasemao kuwa Mtume alimwona ghafula uzuri wake ukamvutia hawakufikiri: Zainab alikuwa jamaa yake, alimjua tangu utoto wake, na kama angalimtaka hapana aliyeweza kumnyima kabla hajamposea mtu mwingine. Katika walima wake alichinjwa kondoo, watu wakala mkate na nyama wakashiba, na baadhi yao wakakaa kuzungumza hata wakamtaabisha mwenye nyumba, ikateremka aya ya hijabu. Zainab akawa akijifaharisha kwa wakewenza wake kuwa wao waliozwa na jamaa zao, na yeye aliozwa na Mola wake. Zaid aliendelea kuwa mpenzi wa Mtume mpaka alipouawa Muta mwaka wa 8.

Sasa ngozi. Imepokewa kwa Jabir, katika Sahihi ya Imam Muslim, kuwa siku moja Mtume aliingia kwa Zainab akamkuta anaisugua ngozi iliyo katika dawa yake. Na Bibi Aisha alieleza kuwa Zainab alikuwa mwanamke wa kazi ya mkono, akizidabighi ngozi na kuzishona, na alichokipata akikitoa sadaka katika njia ya Mwenyezi Mungu. Kazi ile si kazi ya kitoto. Ngozi mbichi hurowekwa, hukwanguliwa nyama upande wa ndani na nywele upande wa nje, hutiwa katika maji yenye dawa kali, husuguliwa na kukandwa siku kwa siku mpaka dawa iingie mpaka kati. Kisha huoshwa, huanikwa, hulainishwa, hukatwa, hutobolewa kwa msharasi na kushonwa. Mikono hugeuka rangi, na harufu hukaa katika nguo. Nyumba za Hijaz siku zile zilijaa vitu vya ngozi: viriba vya maji, vibogoshi vya samli, mifuko, mishipi, ala za panga. Tandiko la Mtume mwenyewe lilikuwa la ngozi iliyojazwa nyuzi za mtende.

Dawa iliyokuwa mashuhuri kwao ni makaka ya mti uitwao kwa Kiarabu qaradh. Mti huo ni aina ya mgunga wenye maua ya manjano na makaka yaliyobanwabanwa kama shanga zilizotungwa, nao huota kwa wingi katika mbuga za Shinyanga, ambako Wasukuma huuita mihale. Karibu upotee. Katika siku za Waingereza misitu mingi ya nchi ile ilifyekwa kwa ajili ya kuwafukuza mbung'o, na baadaye mashamba na mifugo ikaimaliza iliyobaki, hata watu wakaiita Shinyanga jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, na Wasukuma wakairudia desturi yao ya kale ya ngitili, yaani kuyafunga malisho ili yapumzike, na miti ikarudi kuota. Basi fundi wa Shinyanga anayo mlangoni pake dawa ileile iliyokuwa ikitumiwa Madina, na aghalabu hana habari.

Na jambo hili si la ufundi peke yake, ni la sala. Mtume alipita penye kondoo aliyekufa, wa nyumba ya Bibi Maimuna, akauliza kwa nini hawakunufaika na ngozi yake. Akaambiwa ni mzoga. Akabainisha kuwa kilichoharimishwa ni kumla, na kuwa ngozi yake husafishwa na maji na qaradh. Kwa hadithi hiyo na mfano wake Imam Shafii, ambaye watu wengi wa pwani hufuata madhehebu yake, alihukumu kuwa ngozi ya mzoga hutoharika kwa kudabighiwa, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Mnyama wa kuliwa aliyechinjwa chinjo la sheria, ngozi yake ni safi tangu mwanzo. Lakini ngozi ya mzoga iliyowambwa juani kwa vigingi ikakauka, au iliyotiwa chumvi, haijadabighiwa; kwani jua na chumvi huondoa maji na kuzuia uvundo, wala haviondoi ule ubovu uliomo ndani, na ikitiwa majini hurudi kunuka. Ni lazima dawa kali kama makaka ya mgunga, na baada yake kuoshwa kwa maji.

Mwenye kununua ngozi huko bara na aangalie sana. Katika mwaka wa ukame ng'ombe hufa kwa wingi, na ngozi zao huingia sokoni pamoja na za waliochinjwa, zote zimekauka, zote za sura moja. Fundi akiishona ngozi ya mzoga mbichi au kavu isiyodabighiwa akaifanya mkanda, basi avaaye mkanda ule akasali amebeba najisi, na sala yake haikusihi; na mfuko wa fedha uliomo ndani ya kanzu hukumu yake ni hiyohiyo. Akiidabighi kwanza, wote wawili wamesalimika, na mali iliyokuwa itupwe imekuwa riziki ya halali.

Zainab hakuwa na kazi ya mikono tu. Alikuwa mwenye kufunga sana na kusimama usiku. Mtume aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili, akaambiwa ni ya Zainab, akichoka katika sala hujishikiza nayo. Akaamrisha ifunguliwe, na kila mtu asali kwa kadiri ya nguvu zake, akichoka akae. Na alipozuliwa Bibi Aisha uwongo ule mashuhuri, Hamna nduguye Zainab alikuwa miongoni mwa walioueneza. Zainab ndiye aliyekuwa akishindana na Aisha kwa cheo mbele ya Mtume, na neno moja lake lingalitosha kumdhuru. Alipoulizwa na Mtume alilinda masikio yake na macho yake, akasema kuwa hajui kwake ila heri. Aisha hakulisahau, na baadaye alishuhudia kuwa hajamwona mwanamke bora kuliko Zainab kwa dini na ukweli na kuunga jamaa, na kwa kujitaabisha katika kazi ili apate cha kutoa.

Siku moja Mtume aliwaambia wakeze kuwa atakayemfuata mwanzo katika wao baada ya kufa kwake ni yule mwenye mkono mrefu. Basi Mtume alipokwisha kufa, wakikutana wakawa wakiipima mikono yao ukutani, na mrefu wao alikuwa Bibi Sauda. Zainab alikuwa mfupi wa kimo. Hata alipokufa yeye wa kwanza ndipo walipofahamu kuwa urefu ule ulikuwa wa sadaka, na kuwa mkono uliotajwa ni ule uliokuwa ukisugua ngozi.

Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar mali zilikuja nyingi kutoka Iraq na Sham, na kila mke wa Mtume akapangiwa fungu. Zainab aliletewa dirhamu 12,000. Alidhani zimeletwa kwake azigawe, na kuwa wenziwe wangaliweza kugawa vizuri zaidi yake. Alipoambiwa zote ni zake alijifunika uso, akaamrisha zimwagwe chini na zitupiwe nguo juu. Kisha akamwambia Barza binti Rafii atie mkono chini ya nguo, akamate fumba, ampelekee fulani, na fumba nyingine fulani, jamaa zake na mayatima wake, hata zikabaki chache. Barza akamkumbusha kuwa nao wana haki katika mali hiyo. Zainab akawapa zilizobaki chini ya nguo, nazo zilikuwa dirhamu 85. Akainua mikono akaomba kipawa cha Umar kisimkute tena mwaka mwingine. Umar alipopata habari alimletea dirhamu 1,000 za matumizi, nazo akazifanya kama zile za kwanza.

Dua yake ilikubaliwa. Alikufa mwaka wa 20 wa Hijra, sawa na 641, naye ana miaka 53, na wengine husema 50. Alikuwa amekwisha kuiweka tayari sanda yake mwenyewe, akausia kuwa Umar akimletea nyingine, moja katika hizo itolewe sadaka. Na Umar alileta, ikatolewa. Siku ile ilikuwa ya joto kali. Umar alimsalia, na hema likapigwa juu ya kaburi lake katika makaburi ya Baqi kwa ajili ya kuwapa kivuli wachimbaji, na waliomteremsha kaburini walikuwa Usama mwana wa Zaid na vijana wa ndugu zake.

Hakuacha dirhamu wala dinari. Aliacha nyumba yake, nayo warithi waliiuza kwa Khalifa Walid bin Abdulmalik alipoupanua Msikiti wa Mtume, kwa dirhamu 50,000, na mahali pake pakaingizwa msikitini.